Barua ya wazi kuhusu Forodhani: paacheni wazi

Kwa waheshimiwa wote wenye dhamana ya Mji Mkongwe wa Zanzibar na bustani zake,

Assalamu alaykum.

Ama baada ya salamu, mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, mzaliwa wa Sokomuhogo na sasa mkaazi wa Kikwajuni. Sina cheo, wala hakuna chama kilichonituma. Haya ninayoyaandika nimekaa nayo moyoni muda mrefu, na kilichonifanya nishike kalamu ni jambo dogo lililotokea alaasiri moja mwezi uliopita.

Nilimchukua mama kwenda kupunga upepo Forodhani, bustani yetu ya ufukweni mwa Mji Mkongwe. Mama ana miaka 73, magoti yanamsumbua, na tangu tuhame mjini hafiki tena mara kwa mara. Tuliingia kwa upande wa Ngome Kongwe. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa, lakini juu ya majani palikuwa pamepangwa viti vya plastiki, vyeupe, vimetazama baharini. Mama akajishusha polepole kwenye kimoja. Hata pumzi hajaivuta vizuri, kijana akafika na kidaftari mkononi: "Karibu mama, unaagiza nini?"

Mama akanitazama. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na chupa ya maji na kashata mbili alizozifunga kwenye karatasi tokea nyumbani. "Samahani mwanangu," akamwambia yule kijana, "sikujua kama ni vya biashara." Akainuka, akanishika bega, tukaenda kukaa kwenye ukuta wa bahari. Ukuta ule ni mgumu kwa mtu wa umri wake, na hauna pa kuegemea.

Yule kijana simlaumu hata kidogo. Alikuwa na adabu zake na yumo katika kutafuta riziki. Lililonichoma ni lile neno "samahani". Mama yangu, aliyezaliwa hatua chache kutoka hapo, aliomba radhi kwa kukaa Forodhani.

Waheshimiwa, ombi langu ni moja, na yote yanayofuata ni maelezo yake. Forodhani msiiongezee kitu. Palipo wazi pabaki wazi, na pale palipokwisha kuingiliwa parudishwe kama palivyokuwa.

Najua ombi kama hili ni zito kwa kiongozi. Kiongozi hupimwa kwa alichojenga, na uwanja usio na kitu huonekana kama kazi iliyolala. Ndiyo maana maneno ya kupajaza hayaishi barazani: pangefaa mkahawa wa kisasa, pangefaa jukwaa la kudumu, pangefaa vibanda vya kuuzia vitu vya sanaa, pangefaa kitu fulani cha kupigia picha. Kila wazo ukilitazama peke yake halina ubaya. Lakini bustani yenyewe ni ndogo. Ukiondoka kwenye ngazi za Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la masultani, kwa mwendo wa kawaida, hata dakika mbili hazimaliziki umeshafika kwenye maji. Mahali pa ukubwa huo hapahitaji mradi mkubwa ili paharibike. Vitu vinne vitano vidogo, kila kimoja na kibali chake, vinatosha.

Na pahala hapa, tukiisoma historia yake, pamefika kuwa wazi kwa gharama kubwa.

Jina lenyewe ni ushahidi. Hapa palikuwa forodha. Sultani Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, mapato ya forodha yalikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na nyumba ya Jairam Shivji ndiyo iliyoishika kazi hiyo kwa miaka mingi. Kwenye ufukwe huu zilipita pembe za ndovu, karafuu, sandarusi, na zile nguo za kutoka Marekani ambazo mabibi zetu waliziita merikani. Wakapita na watu. Waliokamatwa bara na kufanywa watumwa walihesabiwa na kutozwa ushuru kwa kichwa, kama mzigo mwengine wowote. Jambo hili nalisomesha kila mwaka, na kila mwaka hakosi mtoto mmoja wa kuniuliza, "Mwalimu, walipita wapi hasa?" Nikiwaleta bustanini naelekeza kidole chini, kwenye majani wanayoyakanyaga. Wananyamaza. Watoto 40 wa darasa la sita, na unasikia maji tu yakipiga ukutani. Nafasi ile ya kunyamaza haipatikani mbele ya kibanda cha kuuzia soda.

Mwaka 1883 Sayyid Barghash akajenga Beit al-Ajaib, na mbele yake, upande wa bahari, palisimama mnara wa taa wa kuongozea vyombo. Mnara huo haukudumu. Tarehe 27 Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash akiwa amejifungia ndani ya kasri na kukataa kuteremka kwenye kiti cha usultani, manuari za Kiingereza zilizokuwa zimetia nanga papo hapo mbele zikafyatua mizinga. Vita vyenyewe havikufika saa nzima. Wengi husema dakika 38, wengine 45. Katika muda huo wapatao 500 wa upande wetu waliuawa au kujeruhiwa, jumba la Beit al-Hukm likateketea, na mnara wa taa ukaharibika usisimamishwe tena. Mnara wa saa tunaouona leo kwenye uso wa Beit al-Ajaib ulijengwa baada ya hapo.

Kisha ikaja treni. Vijana wengi nikiwaambia kuwa Unguja ilikuwa na reli hawaamini. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilitandika reli kutoka mbele ya Ngome mpaka Bububu, mwendo wa maili saba hivi, ikipenya mitaa myembamba kiasi kwamba abiria aliweza kuunyoosha mkono akagusa ukuta wa nyumba ya mtu. Abiria waliacha kuipanda mwanzoni mwa miaka ya 1920. Katika muongo huo huo gati jipya lilijengwa Malindi, na shughuli za bandari zikahamia huko pamoja na mabanda yake, mizigo yake na makuli wake.

Ndipo, katikati ya miaka ya 1930, zama za Sayyid Khalifa bin Haroub, ufukwe uliobaki ukapangwa kuwa bustani. Ikaitwa Bustani ya Jubilei. Watu wa mjini hawakulishika jina hilo. Waliendelea kusema "nakwenda Forodhani", na mpaka leo tunasema hivyo, ijapokuwa forodha hapo haipo kwa karibu miaka mia.

Mnaona basi. Mnara umekwenda, treni imekwenda, makuli na mabanda yamekwenda, na kila kilichoondoka kilituachia nafasi. Waliopanga bustani ile walikuwa na busara ya kutoijaza nafasi hiyo. Walitia njia zilizonyooka, majani, miti ya kivuli, na kibanda cha beni, yaani cha wapiga muziki, chenye kuba, kisicho na ukuta hata upande mmoja. Kibanda hicho nakipenda kuliko kitu chochote cha kujengwa kilichomo mle. Ni jengo, lakini jicho linapita ndani yake likatokea upande wa pili. Aliyekichora alipajua vizuri pahala alipo.

Mama anaikumbuka beni ya polisi. Alikuwa mdogo, babu amempandisha mabegani, na anasema ngoma kubwa ilipopigwa aliisikia kifuani kabla ya masikioni. Kila akipita hapo hukisimulia kibanda kile kama mtu anayemsimulia jamaa yake.

Ni nani aliyeukulia Mji Mkongwe asijue kwa nini uwazi ule una thamani? Vichochoro vyetu ni vyembamba kwa makusudi, ili jua lisituunguze. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na nyumba imetazama ndani, kwenye ua wake. Nje tumebakiwa na kibaraza cha mawe, pa kumkaribisha mpita njia bila ya kumuingiza kwa watu wa nyumbani. Mji wa namna hiyo lazima uwe na pua ya kuvutia pumzi, na pua yake ni Forodhani. Wakati wa joto la kaskazi, nyumba zikiwa kama tanuri, majirani walikuwa wanateremka huko baada ya magharibi na mikeka yao, na watoto wakilala huko huko mpaka mama anapowaamsha kurudi. Hakuna aliyewauliza wanaagiza nini. Forodhani kilikuwa kibaraza cha mji mzima.

Na tangu lini mtu akalipa kukaa kibarazani?

Nisieleweke vibaya kuhusu wafanyabiashara wa usiku. Forodhani bila ya wao si Forodhani. Nimekulia kwenye mwanga wa karabai zao. Naijua sauti ya mashine ya miwa pale muuzaji anapoukunja muwa mara ya tatu na kuutia ndimu na tangawizi katikati ili utoke na juisi yake. Najua kuchagua pweza kwa kumtazama, na urojo ambao pilipili yake inakutoa kamasi. Familia nyingi zimesomesha watoto kwa mishikaki na kachori za pale. Ninachowaombea wao na sisi ni mpaka. Wana sehemu yao na saa zao, na vikiheshimiwa hivyo sote tunaenea. Meza zinapoanza kutambaa, wiki hii hatua mbili, mwezi ujao hatua tatu, anayerudi nyuma ni yule asiye na pesa ya kununua. Na yeye harudi nyuma kwa ugomvi. Anasema samahani, anaondoka, na hamtaiona sura yake kwenye ripoti yoyote.

Wapo na wale vijana wanaochupa. Maji yakijaa, na hasa siku za bamvua, hukusanyika ukutani wakiwa wamelowa, wanatetemeka, wanacheka. Mmoja anarudi nyuma mpaka karibu na mti, anakuja mbio bila ya viatu, unasikia nyayo zake zikipiga mawe, pa, pa, pa, halafu kimya, halafu maji. Nimemuona mmoja akichupa kwa kugeuka angani mara mbili, akatoka na mwani kichwani, na mzee aliyekuwa akivuta tasbihi pembeni akamwambia, "Umechelewa kukunja magoti." Yule kijana akapanda tena. Mzee akamtazama tena. Hawa wawili hawajuani, na mchezo wao unahitaji vitu viwili tu: ukuta usiozuiwa na njia ya kukimbilia. Ukitia kibanda kimoja pale umeshauua, na hakuna atakayeandika popote kwamba umekufa.

Mwaka 2008 kazi kubwa ya ukarabati ilianza kwa msaada wa Aga Khan Trust for Culture, na Julai 2009 bustani ikafunguliwa tena. Mimi ni miongoni mwa walioshukuru, na nashukuru mpaka leo. Ukuta wa bahari uliokuwa ukiliwa na mawimbi uliimarishwa, mitaro ikatengenezwa, taa zikawekwa, njia zikatandikwa upya, watoto wakapata pa kuchezea na wauzaji wa chakula wakapangiwa pao. Nataka nikumbushe sifa moja ya kazi ile ambayo haisemwi sana. Sehemu yake kubwa huioni ukisimama katikati ya bustani. Imo kwenye mawe ya ukuta na kwenye mitaro iliyo chini ya miguu. Baada ya kazi yote hiyo, Beit al-Ajaib na bahari viliendelea kutazamana. Kipimo hicho mnacho tayari, waheshimiwa. Hamhitaji kwenda kukitafuta mbali.

Gharama ya kuchelewa kukarabati nayo tumeijua. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Siku ile nilisimama Forodhani na mamia ya wengine, vumbi la chokaa limetua juu ya majani kama unga, na watu wazima wanalia waziwazi. Jengo lile lilikuwa ukuta wa nyuma wa bustani yetu. Bila ya uso wake mzima, bustani ilikuwa kama chumba kilichovunjwa upande mmoja. Tangu siku hiyo, kila nikisikia habari ya kitu kipya cha kuongezwa ufukweni, akili yangu huenda kwa fundi chokaa. Shilingi itakayojenga kitu ambacho hatukukiomba ni shilingi iliyoacha kuziba ufa tunaouona.

Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na mara nyingi tunapojadili mambo haya hoja hugeuka kuwa wageni watasema nini. Mimi nataka hoja ianzie kwa wenyeji. Mgeni anayekuja Forodhani hakuja kutazama meza. Kwao meza zipo. Amekuja kutuona sisi tumekaa. Tukiondoka, naye atakula mishikaki yake katikati ya wageni wenzake, atapiga picha ya jua linalozama, na ataondoka bila ya kuiona Zanzibar.

Ninayoyaomba kwa vitendo ni haya. Ichoreni ramani ya bustani, ionyeshe wazi pa kufanyia biashara ni wapi, na kwengine kote ni kwa kukaa bure, kisha ibandikwe kwenye kila mlango kwa Kiswahili. Wekeni mabenchi zaidi yenye pa kuegemea, yawe kivulini, maana alaasiri jua la upande ule ni kali na wazee ndio wanaokuja mapema. Mti ukifa upandwe mwengine pale pale, wa aina ya kutoa kivuli, hata kama hatutaukalia sisi. Mti Mkubwa wa Mizingani, ambao wazee wanasema Sayyid Khalifa aliupanda mwaka 1911, kuna watu waliusubiri bila ya kukaa chini yake. Kodi ya meza za usiku irudi humo humo bustanini, kwenye taa, vyoo na mfagizi, na hesabu yake isomwe hadharani. Spika kubwa zipunguzwe, kwa sababu bahari nayo ina sauti na kuna watu wanakuja kwa ajili yake.

Na likija pendekezo lolote la kuweka kitu cha kudumu, kiwe kidogo kiasi gani, msituite kwenye ukumbi wenye kipoza hewa asubuhi ya siku ya kazi. Tuiteni Forodhani kwenyewe, alaasiri, pale kibandani kwa beni. Wekeni kamba kuzunguka eneo litakalochukuliwa, kwa urefu na upana wake halisi, iachwe hapo wiki mbili. Watu waizunguke, wajikwae nayo, watoto waulize ni ya nini. Kwenye karatasi mita sita kwa nne ni kisanduku kidogo tu. Chini, kwenye majani, ni nafasi ya familia tatu na mikeka yao.

Nimezisikia hoja za upande wa pili na sizidharau. Mji unahitaji mapato. Vijana wanahitaji kazi. Lakini Unguja ina viwanja vingi vya kujengea mkahawa, na ina kiwanja kimoja tu ambacho ukikaa una Ngome nyuma ya bega lako la kushoto, Beit al-Ajaib nyuma ya la kulia, na mbele yako ngarawa zinarudi na jua.

Mama ameniambia nisiwasumbue sana, nyinyi ni watu wenye kazi nyingi. Nimemuahidi nitaomba jambo moja la mwisho kwa niaba yake. Mkiamua kujibu, jibu lenu libandikeni huko huko bustanini, karibu na benchi, na maandishi yawe makubwa, kwa sababu anasoma kwa miwani na miwani yake ni ya zamani.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu, mzaliwa wa Sokomuhogo
Kikwajuni, Unguja